Kusoma kwa uoni hafifu: zana za mwanafunzi, kuanzia kipande cha boksi hadi simu inayosema

Ripoti ya kwanza ya mpwa wangu alipoingia kidato cha kwanza iliandikwa kwa wino mwekundu: mzembe, haandiki noti. Hakuwa mzembe. Alikuwa akikaa safu ya nne ubavuni mwa dirisha, na kutoka pale ubao kwake ulikuwa kitu cheusi chenye vumbi jeupe. Mimi mwenyewe ni mwalimu, kila Ijumaa baada ya sala nilikuwa naye nyumbani kwa dada yangu hapa Wete, Pemba, na sikujua. Alishajifunza kuficha. Akimsikia mwenzake anasoma kwa sauti anakariri, ukimjia anafunua buku na kulitizama kama anayesoma.

Nilipojua, nilifanya kosa wanalofanya wengi: nilikimbilia simu. Nikanunua, nikaijaza programu, nikampa. Baada ya wiki mbili simu ikawa ya kutizamia mpira na yeye bado hana noti. Ikabidi tuanze upya, safari hii kutoka chini. Utaratibu ninaouandika hapa ndio ule wa mara ya pili. Umekusudiwa mtoto anayeona kidogo, aliye skuli ya kawaida, na familia yenye simu moja au mbili za nyumba nzima. Asiyeona kabisa na asiyesikia vizuri nimewagusia mbele.

Hatua ya kwanza: macho, kisha vifaa

Mpeleke kliniki ya macho kabla hujatoa senti kununua chochote. Anzia hospitali iliyo karibu nawe. Wakiona haja watakuandikia barua ya kwenda mbele, hata Mnazi Mmoja kule Unguja. Nimeona mtoto aliyedhaniwa ana uoni hafifu kumbe anahitaji miwani tu, na mwengine aliyevalishwa miwani miaka miwili ilhali tatizo lake miwani haligusi.

Ukiwa mbele ya daktari usitoke na "ana tatizo la macho" peke yake. Uliza miwani itasaidia kwa kiasi gani. Uliza kinachomsumbua ni umbali, ni mwanga mkali, au ni sehemu ya jicho isiyoona, maana anayeona katikati tu na anayeona pembeni tu hawasaidiwi kwa namna moja. Na uliza swali ambalo wazazi huliogopa: je, uoni utaendelea kupungua? Ikiwa utapungua, mtoto aanze maandishi ya nukta nundu, yale yanayosomwa kwa kupapasa kwa vidole, sasa, akiwa bado anaona, asingoje giza. Omba uandikiwe. Karatasi hiyo utaihitaji skuli na wakati wa usajili wa mtihani.

Hatua ya pili: mpime nyumbani

Hii ni kazi ya jioni moja. Chukua aya ya kitabu chake, iandike kwenye kompyuta, ichapishe kwa ukubwa wa herufi 12, 16, 18 na 24. Kila ukubwa uwe na aya yake, asije akasoma kwa kukariri. Mkalishe mahali penye mwanga mzuri, msomeshe dakika moja kila karatasi, hesabu maneno, na pima kwa rula pua iko umbali gani na karatasi. Andika yote kwenye daftari.

Kwa mpwa wangu, herufi za 12 alizisoma pua ikikaribia kugusa wino. Kwa 18 maneno yalikaribia kuwa maradufu na shingo ikanyooka. Kwa 24 hakuongeza kitu. Alichelewa zaidi, kwa sababu mstari unabeba maneno machache na jicho linarudi mwanzo kila mara. Basi tukajua namba yetu ni 18. Kubwa zaidi si lazima iwe bora. Tangu siku hiyo kila mwalimu aliyeniuliza "tumsaidie vipi?" nilimjibu kwa namba, na mwalimu ukimpa namba anafanya.

Hatua ya tatu: zana zisizotaka chaji

Hapa ndipo ningekaa muda mrefu kuliko kwengine kote, kwa sababu ni rahisi na watu wanaona haya kuzitumia.

Marufaa. Ile ile stendi ya kuwekea msahafu kwenye chuo cha Kurani. Mtoto mwenye uoni hafifu huinamia meza mpaka anajiziba mwanga kwa kichwa chake mwenyewe, na jioni analalamika mgongo. Kitabu kikisimama kwenye marufaa juu ya meza, kitabu ndicho kinachomfuata yeye. Tulimwomba seremala atutengenezee moja iliyo ndefu kidogo, yenye kijiti chini cha kuzuia kitabu kisiteleze. Skuli walimcheka siku ya kwanza. Wiki ya tatu wawili wenye macho mazima walitaka kuiazima.

Dirisha la kusomea. Kata kipande cha boksi, kipake rangi nyeusi isiyong'aa, kisha toboa mwanya mrefu wa kupita mistari miwili. Ukilaza juu ya ukurasa, weupe wote unaomchoma jicho unafunikwa, inabaki mistari miwili tu. Kinatembea chini pamoja naye. Anayepotea mistari atakipenda, na hata mtoto mwenye macho mazima lakini herufi zinamchanganya hunufaika nacho.

Kalamu nyeusi ya ncha nene, na daftari ambalo mistari yake umeikoleza kwa rula na wino. Bluu ya kalamu za kawaida kwenye mistari ya bluu ya daftari ni kama hakuna kilichoandikwa.

Mwanga utoke nyuma ya bega, la kushoto kwa anayeandika kwa mkono wa kulia. Darasani akae mbele, lakini asielekee dirisha. Mbele peke yake haitoshi: mpwa wangu alihamishiwa kiti cha kwanza kilichotazamana na mlango unaoingiza jua la saa nne, hali ikawa mbaya kuliko safu ya nne. Kwa watoto wenye ualbino jambo hili ni zito zaidi, kwani mwanga huwaumiza. Kofia zetu za kiua hazina ukingo, hazikingi jicho. Mzungumze na mwalimu mkuu mtoto aruhusiwe kofia yenye ukingo, uwanjani na hata ndani ya darasa lenye mwanga mkali.

Na fotokopi. Ukikuza ukurasa wa A4 kuwa A3, herufi zinafika asilimia 141 ya ukubwa wake wa awali, yaani 12 inafika karibu na 17. Duka lolote la stesheneri lenye mashine ya A3 linafanya kazi hiyo. Omba karatasi za majaribio ya darasani zikuzwe hivyo. Ni gharama ndogo kuliko mtoto kufeli kwa kutoona swali.

Hatua ya nne: sasa simu

Usianze na programu za kupakua. Simu za Android tayari zina unachokihitaji, kimefichwa tu. Fungua Mipangilio, tafuta Ufikivu. Kama simu imewekwa kwa Kiingereza ni Settings na Accessibility. Humo fanya mambo haya kwa mpangilio huu.

Kwanza ongeza ukubwa wa maandishi na ukubwa wa vitu kwenye skrini, uone kama yanatosha. Kisha washa ukuzaji: ukigonga skrini mara tatu haraka inakuzika, unaisogeza kwa vidole viwili, ukigonga tena mara tatu inarudi. Jaribu pia kugeuza rangi, maandishi meupe kwenye weusi. Mpwa wangu alipoona hivyo alinyamaza, halafu akasema, "Mjomba, kumbe maandishi hayachezi." Weupe wa skrini ndio uliokuwa ukimchezesha.

Kamera nayo ni kioo cha kukuzia. Piga picha ubao, tanua kwa vidole, soma ukiwa umekaa. Ila kwanza mpate ruhusa, maana skuli nyingi haziruhusu simu. Sisi tuliandika barua, mwalimu mkuu akaipokea kwa sharti kwamba simu inakaa kwa mwalimu wa darasa na kutolewa wakati wa kipindi. Sharti zuri. Limemwondolea mtoto lawama na wizi kwa pamoja.

Sauti sasa. Kuna vitu viwili na watu huvichanganya. TalkBack inasoma kila kitu kinachoguswa na inabadilisha namna simu inavyotumika. Hiyo ni ya asiyeona au anayeona kidogo mno. Select to Speak inabaki pembeni kama kitufe, unakigusa, unagusa aya, inasomwa, basi. Kwa uoni hafifu na kwa mtoto anayetatizika kusoma, anza na hii ya pili.

Lakini kabla ya kuisikiliza, rekebisha lugha. Ndani ya Ufikivu kuna sehemu ya kugeuza maandishi kuwa sauti. Chagua huduma ya sauti ya Google, ingia kwenye orodha ya sauti, pakua ya Kiswahili na ya Kiingereza ukiwa na bando au wifi. Zikishashuka zinafanya kazi bila intaneti. Ya Kiswahili utaikuta imeandikwa Kenya. Si lafudhi ya Wete, lakini inaeleweka.

Kwa nini lugha mbili? Kwa sababu skuli zetu za sekondari noti za masomo mengi ziko kwa Kiingereza. Nilimwekea mpwa wangu sauti ya Kiswahili peke yake, nikamwachia noti za Biology. Siku nne baadaye nikamkuta barazani, simu sikioni, uso umekunjamana. Nikaichukua nikasikiliza. "Gre-en le-a-ves," ilikuwa ikisema, silabi moja moja, kama mtu anayesoma majina ya wageni. Alikuwa ameisikiliza siku nne akidhani akili yake ndiyo nzito. Mfundishe mtoto mwenyewe kubadilisha sauti kabla ya kila somo, na umweleze kwamba sauti ikianza kutaja maneno ya ajabu, kosa ni la simu.

Punguza kasi mwanzoni, kisha ongeza taratibu wiki hadi wiki.

Kuhusu TalkBack, nitakupa jambo moja litakalokuokoa. Ikiwashwa, mguso mmoja hauchagui tena, unasoma tu. Kufungua kitu unagonga mara mbili. Kwenda mbele unatelezesha kidole kimoja kulia. Kushuka ukurasa unatumia vidole viwili. Mtu asiyejua hudhani simu imeharibika. Dada yangu aliiwasha kwa bahati mbaya, akashindwa hata kuweka namba ya siri, akaipeleka kwa fundi simu ambaye alitaka kuifuta yote. Dawa ilikuwa kubonyeza vitufe viwili vya sauti kwa pamoja, sekunde tatu hivi, ikazima. Njia hiyo ya mkato ihakikishe imewashwa kwenye mipangilio ya TalkBack siku ya kwanza, na mwonyeshe kila mtu wa nyumba.

Hatua ya tano: kukiingiza kitabu ndani ya simu

Kwanza angalia kama kipo tayari. Taasisi ya Elimu Tanzania ina maktaba mtandao yenye vitabu vya kiada. Ukipata faili la PDF kutoka popote, lijaribu: shikilia neno moja kwa kidole. Likichaguka, ni maandishi na simu itasoma. Lisipochaguka, ni picha ya ukurasa, na kwa simu ni bubu. Noti nyingi zinazozunguka kwenye makundi ya WhatsApp ni picha. Ukiwa mwalimu na unasoma hapa, tafadhali tuma faili lenyewe ulilolichapa, usipige picha skrini yako.

Ukurasa wa karatasi unageuzwa maandishi kwa Google Lens, programu ya simu inayosoma maandishi kupitia kamera. Laza kitabu, mwanga utoke pembeni usije ukapiga kivuli cha mkono wako, simu iwe sambamba na ukurasa. Piga ukurasa mmoja mmoja. Gusa maandishi, chagua yote, nakili, bandika kwenye faili la somo hilo. Kwa kusikiliza mafaili marefu tunatumia programu ya bure iitwayo @Voice Aloud Reader. Inakumbuka ulipoishia, na ina matangazo ya kuvumilia.

Baada ya kunakili, mtu mwenye macho asome haraka kurekebisha. Herufi l hugeuka 1, O hugeuka sifuri, na kwenye Kemia hilo ni balaa. Majedwali, michoro na hesabu haviingii kabisa. Usipoteze usiku kujaribu. Hivyo visomwe na binadamu.

Na hapo ndipo inapoingia redio ndogo ya kadi, ile wanayobeba wachumaji karafuu wasikilize taarabu mtini. Dada mkubwa wa mpwa wangu alikuwa anamsomea sura kwa sauti, anarekodi kwa simu, tunahamishia kwenye kadi. Inakula chaji kidogo, haina mpira wala WhatsApp. Mara ya kwanza redio ilikataa kabisa kusoma. Tuliilaani bure: rekoda ya simu ilikuwa inahifadhi kwa m4a na redio hizi nyingi hujua MP3. Tafuta rekoda inayohifadhi MP3, mambo yanakwenda. Kila rekodi ianze kwa kutaja somo, sura na ukurasa, na isizidi dakika kumi, maana redio haina namna nzuri ya kurudi nyuma kidogo. Mchoro uelezwe kwa maneno: "katikati kuna duara, ndani yake duara dogo limeandikwa nucleus." Dada mtu aliniambia kwamba yeye mwenyewe hajawahi kuielewa Biology kama mwaka ule aliokuwa akiisoma kwa ajili ya mdogo wake.

Pakueni na kunakili mapema. Umeme wetu Pemba unafika kwa waya wa chini ya bahari kutoka Tanga tangu 2010, na siku ukikatika hutaki sauti, noti na kitabu vyote viwe mtandaoni.

Kwa asiyeona kabisa, na kwa asiyesikia

Asiyeona kabisa asomeshwe nukta nundu hata kama simu yake inasema vizuri. Sauti haifundishi tahajia wala haimwonyeshi mtoto mpangilio wa hesabu. Nukta hazizidi sita kwa kila herufi, kama alivyozipanga Louis Braille, Mfaransa aliyepofuka utotoni. Kwa kibao na msumari unaandika kutoka kulia kwenda kushoto, kwa kuwa unatoboa kwa nyuma kisha unageuza karatasi. Watoto waliozoea chuo cha Kurani hawashangai hata kidogo. TalkBack nayo tangu 2020 ina kibodi ya nukta sita juu ya skrini. Kwenye kompyuta ya Windows pakua NVDA, ni programu ya bure inayosoma kwa sauti maandishi ya kwenye skrini, na sauti yake ya eSpeak inajua Kiswahili ingawa inasikika kama mtu aliye ndani ya pipa.

Asiyesikia vizuri akae aone mdomo wa mwalimu, na mwalimu asiseme huku ameuelekea ubao. Live Transcribe ya Google huandika maneno yanayosemwa, Kiswahili kikiwemo, ila inataka intaneti na utulivu. Mvua ikipiga bati, andika mwenyewe. Kwa kiziwi anayetumia lugha ya alama, programu hii haichukui nafasi ya mkalimani. CHAVIZA, chama cha viziwi, ndio wa kuwauliza.

Hatua ya sita: skuli na mtihani

Nenda na ukurasa mmoja tu: ukubwa wa herufi, mahali pa kukaa, aina ya kalamu, karatasi za A3, masharti ya simu, na nakala ya barua ya daktari. Mpe mwalimu wa darasa, na mwalimu wa elimu mjumuisho, yule anayeshughulikia watoto wenye ulemavu, ikiwa skuli inaye. Kama haina, Wizara ya Elimu ina kitengo cha elimu mjumuisho. Ukikwama, Umoja wa Watu wenye Ulemavu Zanzibar, UWZ, na jumuiya ya wasioona, ZANAB, wamezoea kesi hizi. Kila mwaka mpya walimu hubadilika, na ukurasa ule unaanza safari upya. Usichoke kuupeleka.

Mahitaji ya mtihani, iwe wa Baraza la Mitihani la Zanzibar au wa NECTA, baraza la mitihani la Tanzania, hupelekwa wakati wa kusajili watahiniwa. Wiki ya mtihani ni kuchelewa. Mtahiniwa mwenye uoni hafifu hupewa karatasi ya maandishi makubwa na muda wa nyongeza, asiyeona hupewa ya nukta nundu. Simu haiingii. Kwa hiyo kuanzia miezi sita nyuma, siku mbili za kila wiki mpwa wangu alisoma bila sauti wala skrini: karatasi kubwa, dirisha la boksi, kalamu nene, saa mezani.

Kwenye jaribio la skuli ndipo tulipogundua jambo ambalo hakuna aliyelifikiria. Karatasi ya A3 haitoshi kwenye dawati. Ilining'inia ukingoni, akawa anaishika kwa mkono mmoja na kuandika kwa mwengine, na karatasi ya majibu ikamwangukia mara mbili. Omba mapema madawati mawili yaunganishwe, na marufaa yake iwekwe juu.